Ukingo wa kijivu kwenye picha nyeupe: jinsi nilivyouondoa

Siku mbili nzima nilihangaika na ukingo wa kijivu kuzunguka picha nyeupe niliyoiweka juu ya usuli mweupe. Nyeupe juu ya nyeupe, kijivu kinatoka wapi? Nikakuza mpaka pikseli moja ya ukingoni, yenye uwazi nusu. Ilipaswa kuwa 255, yaani nyeupe kamili, lakini ilisoma 192.

Kumbe faili lilikuwa limeshazidisha rangi kwa alfa, yaani namba inayosema pikseli inaziba kilicho chini yake kwa kiasi gani, hapa nusu: 255 ikawa 128. Programu yangu ikazidisha tena, ikabaki 64. Jumlisha nusu ya usuli, yaani 128, unapata 192 ileile!

Nikafuta kuzidisha kwa pili. Sasa rangi ya juu inajumlishwa kama ilivyo, ya chini tu ndiyo inapunguzwa, kama wataalamu wa michoro ya kompyuta Porter na Duff walivyoeleza mwaka 1984. Ukingo ukatoweka papo hapo.