Dawa za mabusha nilizigawa baada ya magharibi

Mwaka wangu wa kwanza wa kugawa kingatiba, yaani dawa za kukinga, za matende na mabusha, siku ya tatu nilirudi nyumbani na makopo ya vidonge yakiwa karibu kama nilivyokabidhiwa. Shirika lilitupa semina ya siku moja, daftari la kaya, fito ya kupimia urefu na fulana nyeupe yenye nembo kubwa mgongoni. Ratiba ilisema tugawe kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa.

Haya, saa tatu asubuhi mvuvi utamkuta wapi? Kijiji chetu kiko Pangani, karibu na mto unapoingia baharini. Wanaume ama wako majini, ama wamelala fofofo baada ya kukesha, ama wako dago, kambi za uvuvi za mbali, na hawarudi mpaka bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, ipite. Niliowapata ni wanawake waliokuwa wakitoka kwenda shamba, tumboni mna chai ya rangi tu.

Dawa zenyewe ni ivermectin na albendazole. Albendazole ni kidonge kimoja kwa kila anayestahili. Ivermectin inakwenda kwa urefu, ndiyo maana tunabeba fito: ukifika sentimita 90 unapata kimoja, 120 viwili, 141 vitatu, 159 na kuendelea vinne. Mjamzito hapewi, wala mgonjwa mahututi, wala mama aliyejifungua ambaye hajamaliza wiki. Kwa hiyo mtu mzima unamtia vidonge vitano kiganjani kwa mara moja. Mwenye njaa akivimeza, kizunguzungu kinamfika kabla hujafunga daftari.

Kijana mmoja jirani yangu alimeza mchana, usiku akashikwa na homa na kichwa. Kulipokucha habari ilishafika dikoni, pale wavuvi wanapoegesha vyombo, tena imeota mkia: dawa zinaua nguvu za kiume. Semina haikuwa imetupa jibu la hilo. Nikaenda zahanati kumuuliza nesi. Akaniambia dawa inaua vijiminyoo vichanga vilivyomo kwenye damu, na mwenye vingi ndiye hupata homa vinapokufa. Hupita yenyewe baada ya siku chache. Nikarudi kwa jirani nikamweleza kwamba homa ile huenda ni dalili kuwa alikuwa navyo. Hakufurahi hata kidogo. Lakini tangu siku hiyo aliacha kunitangaza vibaya, na mimi hilo lilinitosha.

Mwaka wa pili nilibadili mambo. Kwanza fulana niliivua. Watu walikuwa wakiiona wanawakumbuka wale wanaokuja na gari, wanauliza maswali, wanaandika, wanaondoka. Nikajifunga kanga zangu kama siku zote. Pili, nikaanza kupita baada ya magharibi, watu wakiwa wameshakula, nimulike daftari kwa tochi ya simu. Swali langu la kwanza mlangoni likawa, "Mmekula?" Kama bado, napita nyumba ya pili halafu narudi. Wavuvi niliwafuata dikoni siku waliyorudi kutoka dago, baada ya kula ugali wao.

La tatu ndilo lililonisaidia zaidi. Mimi ni mwanamke, na wanaume wengi wa hapa ni rika la baba yangu. Nitaanzaje kumtajia mtu niliyemwamkia shikamoo habari za busha? Pana babu mmoja aliyeishi na busha miaka mingi, akilificha kwa kikoi, hata msikitini akawa haendi. Kambi ya upasuaji ilipofanyika hospitali, bila malipo, akaenda, akapasuliwa, akapona. Nilimwomba aniongoze. Akasema, "Twende, mwanangu, mimi sina tena cha kuficha."

Basi akawa anakaa barazani na wenzake, ananitania kidogo, kisha anaanza: "Nyie mnaosubiri mpaka liwe kubwa, mimi nilikuwa nakaa upande kama mwenye jipu." Wanacheka, na katika kucheka wanauliza. Mmoja akashikilia kwamba busha linaletwa na madafu, imani ya zamani huku kwetu kwenye minazi. Babu akamjibu kuwa yeye madafu ameanza kunywa tena, busha ndilo halijarudi. Mimi nikaongeza tu kwamba tende la mguuni na busha vinatoka kwa minyoo ileile, na anayeieneza ni mbu.

Walitaka pia nimeze mbele yao. Nilimeza nyumba ya kwanza. Nyumba ya nne wakataka tena. Nikawaambia nikimeza kila mlango mtanizika mimi kabla ya mbu.

Swali gumu lilikuwa la wale waliomeza mwaka jana: kwa nini tena? Mnyoo mkubwa unaishi mwilini miaka, na dawa hizi haziuui vizuri, zinamaliza watoto wake. Ndiyo maana tunarudia kila mwaka, angalau miaka mitano, na wamezaji wafike asilimia 65 ya watu wote, ukihesabu hata wasioruhusiwa kumeza. Hapo ndipo unapoona mvuvi mmoja aliye dago ana uzito gani kwenye daftari.

Kwa mama mmoja mwenye tende sikuahidi kitu. Dawa haitaurudisha mguu wake kama ulivyokuwa. Nilimwonyesha kuuosha kila siku kwa maji na sabuni, kukausha vizuri katikati ya vidole, na kuuinua akikaa. Homa zilizokuwa zikimlaza zimepungua, na sasa anatoka uani kuniita mwenyewe.

Msimamizi kutoka shirikani alipokuja kukagua, aliridhika na daftari, kisha akauliza mbona sijavaa fulana. Nilimwambia iko kwenye nguo chafu. Kusema kweli nilikwisha kumpa babu, anaendea nayo dikoni, nembo ameigeuzia ndani.