Ukiambiwa "quite good" Uingereza usishangilie kwanza

Niko Mwanza wiki ya tatu sasa, likizo, na kilichonikalisha kuandika ni binti wa kaka yangu ambae anajiandaa kwenda Uingereza kusoma unesi mwezi wa 9. Kila jioni tunakaa barazani hapa Kirumba ananiuliza shangazi baridi ikoje, shangazi treni mnapandaje, mi namwambia baridi utanunua koti yataisha, ila kuna neno moja dogo nataka ulijue kabla hujapanda ndege. Neno lenyewe ni quite.

Shuleni tuliambiwa quite ni sana au kabisa, tukaandika kwenye daftari, basi. Mi nikaondoka nalo hivohivo. Nikaanza kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, miezi 3 ya kwanza ni ya majaribio, na kila nikimuuliza msimamizi ripoti zangu za usiku zikoje anasema "quite good", ametabasamu, mi moyo unatulia, nampigia mama namwambia kazi inaenda vizuri sana. Miezi 3 imeisha naitwa ofisini, naambiwa naongezewa mingine 3 ya majaribio kwa sababu ripoti ni fupi mno, haionekani mzee amekula nini, amekunywa maji kiasi gani, usiku kageuzwa mara ngapi. Nililia kwenye basi njia nzima. Ile miezi haikuniuma sana, kilichoniuma ni kwamba muda wote alikuwa ananiambia na mi sikuwa nasikia.

Kwa Mwingereza "quite good" ni nzuri kiasi, inapita, ila bado. Na akikaza sauti kwenye quite inashuka zaidi, akikaza kwenye good angalau. Sasa nenda Marekani neno lilelile, mtu akikwambia kazi yako ni "quite good" amekusifia kwelikweli. Kwahiyo kabla hujafurahi au kuumia jua kwanza anaeongea katokea wapi.

Afu Mwingereza huyohuyo akisema "quite right" au "quite impossible" hapo anamaanisha kabisa! Hapa ndo wengi tunapotea, na mi ilinichukua muda kuona kwamba siri iko kwenye neno linalofuata. Kama ni kitu cha viwango, baridi, zuri, ghali, yani kinaweza kuzidi au kupungua, quite inakuwa kiasi. Kama ni kitu kisicho na nusu, sahihi au si sahihi, kimekwisha au hakijaisha, quite ni kabisa. Na hii ya kabisa ndo maana ya zamani, neno lina undugu na quit, lile la kuachiliwa, kuwa huru hudaiwi chochote, hiyo ya kiasi imeingia baadae.

Binti alikuwa anaitikia tu, naona kabisa haijamuingia, mpaka Jumamosi tulipoenda Mwaloni kununua dagaa. Mama muuzaji tukamuuliza hawa wakoje, akachota kiganjani akawaacha wadondoke taratibu, akasema "hawa wazuri tu." Binti hakuuliza hata bei, akaniambia kwa sauti ndogo shangazi twende kwa yule wa mbele. Nikamuuliza kwanini, si kasema wazuri? Akasema kasema wazuri TU, hao wameanikwa chini wana mchanga. Kweli tukapata wengine walioanikwa kwenye chanja, weupe, wanang'aa, na muuzaji wao hakuweka "tu" yoyote. Nikamwambia umeona, sikio lako linajua tayari, hiyo "tu" ya yule mama ndo quite ya Waingereza. Alisimama katikati ya watu na ndoo yake anacheka, "yani shangazi ndo hivyo tu?"

Ikabaki "not quite". Hii tuliimaliza siku ya kwenda Sengerema kumsalimia bibi. Mwisho wa 2024 nilipokuja, daraja la Kigongo Busisi lilikuwa linakaribia kuisha, unaliona pale, lakini gari bado zinavuka na kivuko na tukapanga foleni juani. Hiyo ndo "not quite finished", bado kidogo tu. Limefunguliwa Juni 2025, safari hii tumepita juu, kama kilomita 3 hivi za maji chini yetu na hatujasimama popote, hiyo sasa ni "quite finished", limekwisha kabisa. Nikamuongezea na "quite a few" kwamba ni wengi, asidanganywe na hiyo few, na akiandika aangalie asiandike quiet ambayo ni kimya.

Jana usiku ameletewa ujumbe na mwenye nyumba atakayopanga kule, anasema chumba ni "quite small" na jirani zake ni "quite nice". Akausoma mara mbili, akakaa kimya, afu akaniuliza shangazi, huyu ni Mwingereza? Nikamwambia ndio, mzaliwa wa hukohuko. Akainuka akaenda chumbani, nikasikia zipu inafunguliwa, anarudi na lile blanketi zito la mama yake, ananiambia hili libaki, na sanduku kubwa nalo libaki, naenda na lile dogo.