Siku moja maishani mwangu wodini: kusubiri namba ya pili

Saa 1:00 asubuhi. Daktari wa usiku anakabidhi wodi ya magonjwa ya ndani. Kitanda cha 4: mama wa kilo 60 mwenye kisukari, anatapika tangu jana. Sukari yake ni milimoli 10.6 kwa lita, ndiyo maana usiku kucha alihesabiwa mgonjwa wa tumbo. Ila anameza vidonge vya jamii ya gliflozini, vinavyomwaga sukari kwenye mkojo, na kwa mtu wa vidonge hivyo sukari ya wastani haithibitishi chochote. Ketoni za damu (asidi ambazo mwili hutengeneza ukichoma mafuta badala ya sukari) 5.4, pH 7.16, bikabonati 9, zote mbili zikionyesha damu imejaa asidi. Hii ni asidi ya ketoni kamili, na vidonge vinasimama leo hii.

Saa 1:20. Kila mtu anataka insulini ianze. Potasiamu ni 3.2, kwa hiyo haianzi. Insulini huisukuma potasiamu iingie ndani ya seli. Ukiianza potasiamu ikiwa chini ya 3.5, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika kabla asidi haijapungua. Zinaenda dripu za chumvi, mililita 500 kwa saa, na potasiamu milimoli 10 kwa saa kwenye mshipa mzuri wa mkono, mgonjwa akiwa kwenye monita. Potasiamu haisukumwi kwa sirinji hata siku moja, na kanula, yaani kimrija cha mshipani, inatolewa papo hapo mahali pake pakianza kuvimba.

Saa 3:15. Namba ya pili ya potasiamu imerudi: 3.7. Sasa twende. Uniti 50 za insulini ya muda mfupi ndani ya mililita 50 za maji ya chumvi. Kabla ya kuunganisha, mililita 20 zinapitishwa kwenye mrija na kumwagwa, kwa sababu insulini hung'ang'ania plastiki. Usipofanya hivyo, mgonjwa hupata pungufu ya kiwango ulichoandika. Zinabaki mililita 30. Kwa uniti 0.1 kwa kilo, yaani mililita 6 kwa saa, zinatosha saa 5 tu, hivyo sirinji ya pili iandaliwe mapema. Dekstrosi (dripu ya sukari) ya asilimia 10 inaanza pamoja nayo kwa kuwa sukari tayari iko chini ya 14, na potasiamu inaendelea ndani ya dripu. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuzima insulini sukari inaposhuka. Hapa insulini ipo kwa ajili ya ketoni. Sukari ikishuka, ongeza dekstrosi.

Saa 4:30. Ketoni zilikuwa 5.1 pampu ilipowashwa. Sasa ni 4.9. Zilipaswa kushuka angalau 0.5 kwa saa. Kabla ya kupandisha kiwango, fuata mrija kwa vidole kuanzia kwenye sirinji hadi kwenye ngozi. Kanula iko kwenye kiwiko, mkono umekunjwa, mrija umejifunga. Kanula mpya inawekwa chini kidogo, mbali na kiungo. Saa moja baadaye ni 4.4. Kama tungeongeza uniti bila kugusa mrija, mkono ungekunjuka na mgonjwa angepokea dozi kubwa kwa mkupuo.

Saa 5:00. Kitanda cha 6, kushindwa kwa moyo, miguu imejaa maji. Nyumbani alikuwa akimeza furosemaidi, dawa ya kutoa maji na chumvi kwa mkojo, miligramu 80 kwa siku. Asubuhi amepewa 80 kwa mshipa. Saa 2 baada ya dozi tumepima sodiamu ya mkojo: 38. Chini ya 50 maana yake figo haijaitikia, kwa hiyo dozi inaongezwa mara mbili leo leo, bila kungoja mizani ya kesho. Kreatinini, kipimo cha figo, imepanda kutoka 110 hadi 128. Kama maji yanatoka na mgonjwa anapata nafuu, hiyo si sababu ya kusimamisha dawa. Alikuwa kwenye enalapril, dawa ya moyo na presha. Kama tutambadilishia kidonge kingine cha moyo, sacubitril na valsartan, zipite saa 36 tangu kidonge cha mwisho, la sivyo uso na koo vinaweza kuvimba. Miadi yake ya kwanza iwe ndani ya wiki moja: utafiti wa STRONG-HF wa 2022 ulipandisha dozi za dawa za moyo hadi kamili ndani ya wiki 2, kwa kupima damu kila hatua, na waliorudi hospitali au kufariki walipungua.

Saa 7:00 mchana. Karatasi za antibayotiki. Kitanda cha 2 ana bakteria wa mkojo walioingia kwenye damu, homa imekwisha, siku ya 7. Tunasimamisha. Utafiti wa BALANCE wa 2024 ulionyesha siku 7 hazizidiwi na 14, lakini bakteria aitwaye Staphylococcus aureus hakuhusishwa, wala wenye kinga iliyoporomoka sana.

Saa 8:00 mchana. Kitanda cha 9 ndicho kinachonitia wasiwasi. Jana saa 12 jioni sodiamu ilikuwa 112 kwa sababu ya vidonge vya presha vya thiazaidi. Asubuhi 118, sasa 121. Imepanda 9 ndani ya saa 20, na kwa kuwa potasiamu yake iko chini, kikomo chake ni 8 kwa saa 24. Ukivuka kikomo unahatarisha shina la ubongo, na madhara huonekana siku kadhaa baadaye, watu wakiwa wameshapongezana. Mfuko wa mkojo ulishatoa tahadhari: mililita 400 ndani ya saa 2, maji meupe kama ya bomba. Thiazaidi imesimama, mwili umepata maji, figo imefunguka. Hata potasiamu tuliyomrudishia inapandisha sodiamu. Anapewa desmopresini, dawa ya kupunguza mkojo, mikrogramu 2 na dekstrosi ya asilimia 5, mililita 3 kwa kilo kwa saa, na sodiamu inapimwa tena kila baada ya saa 2.

Saa 12:00 jioni. Makabidhiano, yameandikwa. Kitanda cha 9: sodiamu 119 saa 10 jioni, pima saa 12:15, mkojo ukizidi mililita 100 kwa saa piga simu. Kitanda cha 4: ketoni 1.0, potasiamu 4.1. Pampu isizimwe mpaka ketoni ziwe chini ya 0.6 na awe anakula, tena saa 1 hadi 2 baada ya kuchomwa insulini ya muda mrefu chini ya ngozi. Sirinji mpya iko kwenye friji, mrija wake bado haujapitishiwa insulini.