Hirizi na vitanzi vyake

Amu, baada ya alasiri

Kiswahili hakina haja ya jina moja la kila pambo linaloning'inia. La sikioni ni kipuli au herini, la shingoni kidani, la puani kipini au hazama. (Hazama asili yake ni Kiarabu, na huko hata pete ya pua ya ngamia inaitwa hivyo hivyo. Mabibi harusi watusamehe.) Mwili ndio unaogawa majina.

Hirizi peke yake imekataa mgawo huo. Ivae shingoni, ifunge mkononi au kiunoni, itundike juu ya mlango, jina halibadiliki. Limetoka kwenye hirz ya Kiarabu, yaani kinga, mahali pa kuhifadhia kitu kisidhurike. Jina la kazi, si la umbo. Kwa hiyo kile kijaluba cha fedha kinachouzwa madukani kitupu, bila karatasi ya maandishi ndani, kwangu ni kidani tu, hata kiwe kizuri vipi. Wanazuoni wana maneno yao juu ya kuivaa, hayo nawaachia.

Kwa sonara, kinacholetwa kutengenezwa mara nyingi si mkufu uliokatika, ni kitanzi, kile kipete kinachoshika hirizi kwenye mkufu. Pete ya mkufu husugua mahali pamoja kila hatua anayopiga mvaaji, hadi juu ya kitanzi panabaki wembamba wa uzi. Tazama upande wa ndani, huko ndiko kunakolika. Kitanzi kipya kikunjwe kwa waya wa milimita 1.5, ncha zikutane kabisa, maana lehemu, ile madini inayoyeyushwa kuunga, haijazi pengo. Moto uanzie kwenye mwili wa kijaluba, si kwenye kitanzi: lehemu hukimbilia palipo na joto zaidi, na waya mwembamba huyeyuka kabla mwili haujapata moto.

Ila kwanza kwangua kiungo cha zamani. Ukiona rangi ya kijivu, laini hata ukucha unaacha alama, mtu alishaziba kwa bati na risasi. Hiyo itolewe yote. Fedha huyeyuka kwenye nyuzi 962, lakini bati likipata moto wa lehemu ya fedha huila, na mwili hutoboka vishimo ambavyo hakuna msasa wa kuviondoa.

Weusi wa juu ni jambo dogo, ukwaju na kitambaa vinatosha.

Na kabla ya yote hayo, chomoa kifuniko uchungulie ndani. Karatasi hukunjwa nyembamba sana, hugandamana na ukuta, na kijaluba huonekana kitupu.