Jinsi nilivyozoea ukimya wa kijijini mpaka nikaupenda

Watu wengi wanadhani ukihamia sehemu tulivu basi raha inakuja yenyewe. Haiji hivyo. Mi nilipotoka mjini mwanzoni ukimya ulinichosha kweli, kichwa kimezoea magari na makelele ya majirani, afu jua likizama tu unabaki unajiuliza sasa nafanya nini, mkono unaenda kwenye simu hata kama hakuna kipya.

Kilichonisaidia ni kitu kidogo sana, jioni simu naiacha ndani. Yaani ndani kabisa, sio mfukoni, halafu nakaa nje mpaka giza liingie vizuri. Macho ya binadamu yanahitaji kama dakika 20 mpaka 30 ndo yazoee giza, na ukiwasha kioo cha simu hata kidogo tu inabidi uanze upya. Mwanzoni unaona nyota za kuhesabu, ukivumilia zinaongezeka zenyewe, kile kifungu cha nyota kinachoitwa Kilimia kinaanza kuachana moja moja, na siku isiyo na mwezi ule ukanda mweupe unajitokeza kukatiza anga, ambao ni mwanga wa nyota za galaksi yetu zikiwa nyingi na mbali kiasi kwamba jicho haliwezi kuzitenganisha. Mjini nilikuwa siuoni kabisa kwa sababu ya taa.

Ninachokipenda kuliko vyote ni satelaiti. Unaona kinuru kinatembea taratibu, hakipepesi, hakina mlio, afu kikifika katikati ya anga kinafifia na kupotea wakati hakuna hata wingu. Hakijaenda popote, kimeingia kwenye kivuli cha dunia tu, jua haliwezi kukimulika tena. Tangu nilipojua hivyo kila kikipita nakifuata kwa macho nione kitapotelea wapi, na nafurahi kila mara kama mtoto.

Na hapo ndo niligundua kwamba mimi starehe yangu inatokana na kuelewa. Kuna wanaoshauri uwe na daftari la shukrani uandike mambo mazuri ya siku, sawa, kama linakusaidia endelea nalo, kwangu liligeuka kazi nyingine. Lakini nikijua kitu kinatokeaje nakingojea kwa hamu.

Chukua umande. Usiku ukiwa hauna mawingu wala upepo, ardhi inapoteza joto haraka, majani yanapoa kuliko hewa iliyoyazunguka na mvuke unageuka maji juu yake. Kwa hiyo jioni nikiona anga safi na hewa imetulia najua kesho asubuhi kutakuwa na cha kuangalia, naamka mapema naenda kwenye majani marefu ambako buibui wanatanda nyuzi zao. Nachuchumaa. Kila uzi umebeba matone yamepangana kama shanga, na ukisogeza jicho karibu kabisa unaona ndani ya tone moja miti na anga vimepinduka, mbingu iko chini na ardhi iko juu, kila tone na dunia yake. Jua likipanda kidogo tu vyote vimekauka na unaona uzi mtupu, kwa hiyo ukichelewa ndo basi mpaka siku ingine.

Alfajiri pia sauti zinasikika kutoka mbali sana, mtu anaongea ng'ambo ya bonde unadhani yuko karibu. Hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, basi sauti inapinda inarudi chini badala ya kupotelea angani. Mchana mtu huyo huyo hata akipaza sauti humsikii.

Kazi bado ni nyingi, tena ngumu, sitaki kumdanganya mtu. Ila hata katikati ya kulima nikisikia ndege nisiyemfahamu nasimama nimeshika mpini mpaka nimwone, na kazi haijawahi kuharibika kwa hilo.

Kama na wewe umehamia karibuni na jioni zinakulemea, anza na hilo la kukaa gizani kabla ya mengine yote. Ila chagua usiku ambao mwezi bado mwembamba au haujatoka, maana mwezi mpevu unazifunika nyota nyingi utaona kama nakudanganya, na taa ya nje izime kabla hujakaa.