Kunguru wa Langoni

Jana alasiri niliaibika barazani kwa mjomba, hapa Langoni. Nimekaa na kikombe changu cha kahawa chungu, kashata mkononi, kunguru akajitupa kutoka ukingo wa paa. Kabla sijajua ni nini nimeshainama, mikono kichwani, kahawa yote kwenye kanzu. Kanzu nyeupe, bila shaka. Mjomba alicheka hadi akakohoa. "Kunguru tu, mpwa wangu! Huko chuoni mnasomeshwa nini?"

Kwa kweli hicho hicho ndicho ninachosomeshwa, ila sikuwa na uso wa kumweleza. Mwaka 2013, watafiti Melis Yilmaz na Markus Meister waliwaweka panya ndani ya kisanduku chenye skrini juu. Doa jeusi likitanuka haraka pale juu, panya hutimua mbio hadi kibandani, au huganda kama jiwe. Likinywea, hajali. Panya wa maabara hao, mwewe hawamjui.

Ndipo methali inaponisumbua. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sawa, huyo keshafunzwa. Mimi kunguru hajawahi kunidonoa.

Kinachonishangaza zaidi ni retina yenyewe, ule utando wa nyuma ya jicho. Kwa binadamu ina seli zaidi ya milioni 100 za kupokea mwanga, lakini nyuzi zinazotoka jichoni kwenda ubongoni ni kama milioni 1 tu. Kwa hiyo jicho halipeleki picha nzima, linachambua kwanza. Zipo seli zinazoitikia kiza kinachoingia, nyingine mwendo. Katika panya, habari za doa lile hupitia kolikulasi ya juu, kwenye ubongo wa kati, na miguu huondoka bila kungoja mtu aulize: huyu ni mwewe au kunguru? Nadhani shingo yangu nayo ina njia ya mkato ya namna hiyo. Jina la ndege lilinijia baadaye, pamoja na kicheko cha mjomba.

Leo nimerudi pale pale, makusudi. Kunguru yuko juu ya paa, ananitazama kwa jicho la pembeni. Nikajiambia: anakuja, unamjua, tulia. Akaja. Shingo ikazama mabegani vile vile.

Ila kikombe nilikuwa nimeshakiweka chini.