Kichwa kinataka hiki, moyo unataka kile

Mtu akisikia una kipandauso anakupa pole ya kichwa na kukushauri unywe maji, akisikia una tatizo la mapigo ya moyo anashusha sauti na kukuangalia kwa huruma, sasa ukimwambia unavyo vyote viwili hajui hata aanzie wapi, wengi wanamalizia na "punguza mawazo dada". Sawa, ningepunguza, ila mawazo yenyewe mengi yanatokana na hivi vitu viwili kutoelewana, yaani dawa ya huyu ndio sumu ya yule.

Mi moyo wangu una SVT. Umeme wa moyo unapata njia ya mkato, unaanza kuzunguka hapohapo badala ya kufuata njia yake, basi mapigo yanaruka kutoka 80 hadi 180 na zaidi, na mimi nimekaa tu jikoni nachambua mchicha. Hayapandi taratibu kama umepanda ngazi, yanawaka kama mtu kabonyeza swichi na yakizima yanazima vilevile. Shingo inadunda, kifua kinabana, mikono inatetemeka, na ukifika hospitali yakiwa yameshatulia ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, inatoka safi kabisa halafu unaambiwa ni wasiwasi. Mimi niliambiwa hivyo mpaka siku moja nikabahatika (eti kubahatika!) kufika yakiwa bado yanakimbia, karatasi ikaonyesha, kuanzia hapo heshima ikapatikana.

Kipandauso chenyewe kinaanzia machoni. Naona vimstari vya zigzag vinameta pembeni, vinakua, nusu ya sura ya mtu ninayeongea naye inapotea, baada ya muda vinaondoka na upande mmoja wa kichwa unaanza kugonga, natapika, taa siitaki, na jirani akikaanga samaki siku hiyo tunakuwa maadui bila yeye kujua.

Haya, nenda sasa duka la dawa. Ukisema "naomba dawa ya kichwa" kijana hakuulizi chochote kuhusu moyo, anakupa ile anayoiita kiboko, na viboko vingi vya kichwa vimewekwa kafeini ndani. Panadol Extra kwa mfano, kila kidonge kina miligramu 65 za kafeini mbali na paracetamol, kwa kichwa ni nzuri kweli maana kafeini inaisukuma dawa ifanye kazi, ila moyo wangu mimi kafeini ikizidi haunyamazi. Dawa za mafua nazo, zile za kuzibua pua zenye pseudoephedrine, ndio kabisa, mapigo yanapanda. Zile dawa zenyewe za kipandauso kama sumatriptan zinabana mishipa ya damu, kwa hiyo mwenye mishipa ya moyo iliyoziba hapewi, na wale ambao njia yao ya mkato ni ya aina inayoitwa Wolff-Parkinson-White nao hawaruhusiwi. Ergotamine nayo inabana mishipa. Amitriptyline ambayo wengi wanapewa wanywe usiku kuzuia kichwa inaweza kuongeza mapigo. Unaona sasa? Kila boksi inabidi niligeuze nisome nyuma kwa yale maandishi ya kutafuta na miwani, huku kichwa chenyewe kinanigonga na foleni inanung'unika.

Na hata ile salama haifai kunywa hovyo. Dawa za maumivu za mchanganyiko ukizinywa siku 10 au zaidi kila mwezi, au paracetamol tupu siku 15, zenyewe zinageuka kuwa chanzo cha kichwa. Hili watu hawalijui kabisa, mtaani kwetu kuna mama anabeba dawa kwenye kanga kila siku na kila siku kichwa kinamuuma, nimeshamwambia, ananiona najifanya daktari.

Kuna dawa moja tu ambayo kwangu imewapatanisha hawa wawili, propranolol. Ilitengenezwa na James Black, Mskochi, miaka ya 60 kwa ajili ya moyo, na mwaka 1988 akapata Nobel. Habari ya kichwa ilikuja kwa bahati tu, 1966, mgonjwa aliyepewa kwa sababu ya maumivu ya kifua akaja kusema na kipandauso chake kimetulia. Ni dawa ya bei ya kawaida, ya zamani, haina mbwembwe. Ila sio ya kuazimana jamani, mwenye pumu inaweza kumbana kifua vibaya, na ukishaizoea huwezi kuamka ukaikatisha ghafla kwa sababu moyo unarudi kwa hasira. Mimi imenipa mikono ya baridi hata Dar hii yenye joto, ndoto za ajabu, na kukimbilia basi la mwendokasi nimeacha, miguu inagoma katikati.

Sasa kuna siku vinakuja pamoja, hapo ndio utajua hujui. Mapigo ya SVT mara nyingi yanakata ukijikamua, daktari alinifundisha kupuliza kwenye bomba la sindano la 10 ml mpaka kile kijiti kianze kusogea, kama sekunde 15, halafu unalazwa chali na mtu anakuinulia miguu juu. Mume wangu ndio mwinuaji wangu, anainua huku anasoma dua kwa sauti. Inafanya kazi, ila jaribu kujikamua hivyo wakati kipandauso kimepamba moto, kichwa kinataka kupasuka! Kwa hiyo siku za namna hiyo tunatumia beseni. Mtoto anatumwa kwa jirani anayeuza barafu, zinapasuliwa zile mfuko mbili tatu zinamwagwa kwenye maji, navuta pumzi naizuia nazamisha uso mzima mpaka kwenye masikio. Ubaridi wa usoni unaupunguzia moyo mwendo, na paji la uso nalo linapata ganzi ya raha. Ndio kitu pekee ambacho wote wawili wanakikubali bila masharti. Siku moja tukakosa barafu nyeupe, tukatumia za ukwaju.

Vikigoma vyote ni hospitali, huko kuna sindano ya adenosine, inapigwa haraka mshipani na kwa sekunde chache unahisi kabisa dunia inakuacha, halafu moyo unaanza upya taratibu. Kama umetoka kunywa chai ya rangi au kahawa waambie, kafeini inaipunguzia nguvu ile sindano. Na mapigo yakishatulia utakojoa sana, usishangae, ndio kawaida yake, mimi nisiporudishia maji hapo jioni kichwa kinafuata.

Ramadhani nayo ina mambo yake. Kichwa cha siku za mwanzo kila mfungaji anakijua, chai ya asubuhi imekatwa ghafla, sasa mimi naanza kupunguza vikombe toka Shaaban, kidogo kidogo. Dawa nilibadilishiwa na daktari ikawa ile inayojiachia taratibu mwilini, moja kwa siku, nainywa na daku. Na siku ikigoma nafungua, nitalipa, mama yangu alinuna mwaka wa kwanza lakini shehe wetu alimwambia mgonjwa ana ruhusa yake, akanyamaza. Mama alikuwa anataka pia nikasomewe. Nilienda, kisomo sikatai, ila dawa sikuacha.

Saa hizi daktari wa moyo anataka nichomwe, yaani wanapitisha waya kwenye mshipa wa pajani hadi kwenye moyo wanaichoma ile njia ya mkato, kwa wengi wenye SVT tatizo linaisha. Akaniambia kwa furaha "ukishafanyiwa hii, propranolol tutaiacha". Nikamwambia daktari, hiyo ni ya kichwa pia. Akakaa kimya, akarudi kwenye kompyuta yake, akaniandikia nyingine za miezi mitatu.